Mbwa Pekee wa Mkuyuni

Mwaka wa tisini na tano manispaa ya Mwanza ilikumbuka kwamba ina sheria ya mbwa. Sheria yenyewe ilikuwa ya zamani sana, imelala kabatini miaka nenda miaka rudi, na pengine ingelala hadi leo kama sanduku la manispaa lisingekuwa tupu. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimeanza kulipiwa. Ukienda hospitali unanunua kadi na daftari, mtoto akienda shule anakwenda na hela ya dawati, na hata choo cha stendi kilikuwa na mtu mlangoni. Ikaonekana si haki mbwa peke yake aendelee kuishi bure.

Tangazo likabandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mirongo mpaka Mkuyuni. Kila mwenye mbwa amwandikishe, amchanje, amkatie leseni ya shilingi elfu mbili kwa mwaka, apewe kibati chenye namba cha kumfunga shingoni. Ikifika mwisho wa Septemba, mbwa yeyote atakayekutwa bila kibati atapigwa risasi, na mwenye mbwa, kama anajulikana, atalipa faini ya shilingi elfu kumi.

Watu wa Mkuyuni walisoma, wakacheka, wakaenda zao. Elfu mbili kwa mbwa! Mtu mmoja tu ndiye aliyelisoma tangazo lile mara mbili akaondoka ameridhika, naye ni Jovinary Rutashobya.

Rutashobya alikuwa mtu wa Bukoba, miaka hamsini na minane, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku asizokuwa na pa kwenda, na karibu siku zote hakuwa na pa kwenda. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa leseni katika manispaa hiyohiyo. Leseni za baiskeli, za vilabu vya pombe, za mikokoteni, zote zilipita mkononi mwake, na mwandiko wake ulisifiwa mpaka kwa mkurugenzi. Kisha, miaka miwili kabla ya hadithi hii, wakubwa walitangaza kwamba watumishi ni wengi mno, wakampunguza yeye na wenzake arobaini. Alipewa bahasha na kushikwa mkono. Bahasha iliisha kabla ya mwaka kwisha.

Toka hapo nyumba ililishwa na mkewe, Bernadetta, aliyekuwa anauza mapanki. Mapanki ni kile kinachobaki viwandani sangara akishanyofolewa minofu ya kupeleka Ulaya: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mwanzoni viwanda vilikuwa vinayatupa. Ulikuwa unakwenda na ndoo yako, unachota, unarudi kulisha mbwa, na mbwa wa Mkuyuni wa wakati ule walikuwa wanang'aa manyoya. Baadaye watu wakajua kwamba mapanki yakianikwa juani yakakaangwa yanaliwa, tena kwa hamu, na minofu yenyewe huwezi kuigusa kwa bei. Basi viwanda vikaanza kuyauza. Hapo ndipo mbwa wengi wa Mkuyuni walipoanza kuonekana mbavu, maana chakula chao kilikuwa kimepanda cheo, kimekuwa chakula cha watu.

Bernadetta alikuwa anaanika mapanki yake juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na mlinzi wake alikuwa Popi. Popi alikuwa mbwa jike, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Kazi yake ilikuwa kufukuza makorongo, wale ndege wenye vipara wanaotembea taratibu kama wazee wa kanisa wakipitisha sadaka, ila wao wakipita kwenye jiwe lako hawaachi kitu. Korongo mmoja akitua, Popi ameshafika. Kwa kazi hiyo alilipwa kichwa kimoja cha sangara kwa siku, na Bernadetta, mwanamke asiyetoa senti bila sababu, hakuwahi kulalamika.

Kwa Rutashobya ilikuwa habari nyingine. Tangu alipopunguzwa kazini, kila asubuhi saa moja kamili alikuwa anavaa, anashuka mpaka barabara ya lami, anasimama kidogo, anarudi. Popi alishuka naye na kupanda naye, kila siku, bila kuuliza wanakwenda wapi. Alimpenda sana mbwa yule. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini hata kipofu angeona.

Mtendaji wa kata aliitisha mkutano kueleza sheria. Akaja na diwani, ambaye alisema kwa ufupi kwamba mbwa ni wa mwenye uwezo, na asiye na uwezo wa kulipia leseni asifuge. Bernadetta akanyanyuka. Akamwuliza mheshimiwa: mwenye uwezo ana ukuta, ana geti, ana mlinzi wa kumlipa mshahara, sasa mbwa ni wa kazi gani kwake? Anayemhitaji mbwa ni yule ambaye mlango wake ni kipande cha bati. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na diwani akasema swali limepokelewa.

Mumewe aliona aibu. Akasimama naye, akaeleza kwa utaratibu kwamba mwaka wa sabini na tisa, pale Mirongo, alimwona mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto alikuwa anaona maji anapiga kelele, mpaka siku ya tatu akanyamaza. Mbwa yule hakuwa na chanjo wala hakujulikana ni wa nyumba gani. Ndiyo maana sheria iko, alisema, na yeye Rutashobya wa kwake atamwandikisha. Alichosema kilikuwa kweli, na kila mtu alilijua hilo. Kisha wakatawanyika, na kila mmoja akaenda kuamua lake.

Wiki iliyofuata akaja binti wa manispaa aitwaye Suzana, ana daftari kubwa kwapani, anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha mbwa. Haijapata kutokea Mkuyuni watu wakasema uongo kwa umoja namna ile. Mama mmoja alisema hana mbwa huku akimsukuma mbwa kwa mguu arudi ndani. Jirani wa Rutashobya, Shimba, Msukuma fundi baiskeli, alikutwa ameketi kivulini na mbwa watatu wamelala miguuni pake. Alipoulizwa hao ni wa nani, aliwatazama kama anayewaona kwa mara ya kwanza, akasema wanapita tu. Suzana akaandika: hakuna.

Alipofika kwa Rutashobya alipewa kiti na maji ya kunywa. Mzee akamleta Popi, akataja jina, jinsia, rangi, umri, na alama ya sikio. Akamwonyesha binti kwamba safu ya chanjo haikupaswa kuwa baada ya safu ya leseni bali kabla yake. Suzana akashukuru, akaandika namba moja. Akamaliza Mkuyuni yote bila kuandika namba mbili. Kwa mujibu wa daftari la serikali, kata nzima ilikuwa na mbwa mmoja.

Jioni hiyo Shimba alimcheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na desturi ya kumwita nshomile, kama watu wa Mwanza wanavyowaita Wahaya wanaojivunia kusoma. Alimweleza kwamba kusoma kumemponza. Askari wa manispaa wanapewa risasi za kuhesabu, hawawezi kuhangaika na mbwa wanaorandaranda kwenye mawe ya mlimani. Watakwenda kwenye nyumba zilizoandikwa. Nyumba iliyoandikwa ni moja.

Rutashobya akamjibu kwamba mtu aliyelipa hana cha kuogopa. Basi akaenda kulipa. Bernadetta alikataa kutoa hela siku mbili nzima, siku ya tatu akazifungua kwenye pindo la kanga. Elfu mbili za leseni, na nyingine mia nane za dawa ya chanjo, maana chanjo iliyokuwa inatolewa bure zamani sasa ilikuwa inauzwa kwenye duka la mtu binafsi. Hela hizo zilitoka kwenye mtaji wa mapanki. Wiki hiyo Bernadetta alinunua ndoo moja badala ya mbili, na nyumbani wakala ugali na mchicha, Popi akapata nusu kichwa.

Ofisini Rutashobya alipokelewa vizuri, akaandikiwa risiti, akaambiwa kibati asubiri. Vibati vilikuwa havijachongwa. Fundi aliyepewa kazi alikuwa bado anaidai manispaa hela ya kazi nyingine. Wiki mbili hivi, alisema Suzana, na sauti yake ilionyesha kwamba hana hakika. Zilikuwa zimebaki siku nne Septemba kwisha. Rutashobya alikunja risiti mara mbili, akaiweka mfukoni, akarudi nyumbani kwa miguu.

Oktoba ilipoingia, milio ikaanza kusikika upande wa Mirongo. Na habari zikafuata. Kuna mtu alionyesha risiti, akaambiwa mbwa havai karatasi. Mbwa akapigwa risasi, na yeye akaandikiwa faini juu yake. Wengine walisema si kweli, wengine walisema wamemwona kwa macho yao. Rutashobya, aliyeijua manispaa ndani nje, aliona jambo hilo linawezekana kabisa. Elfu kumi ndiyo ilikuwa mtaji wote wa mkewe. Ikiondoka hiyo, hakuna mapanki, na yasipokuwepo mapanki hawana kitu.

Shimba, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, alimpa shauri: aseme mbwa amekufa. Mbwa aliyekufa hapigwi risasi wala hatozwi faini. Bernadetta akaunga mkono. Siku wakija, yeye atampandisha Popi kwenye mawe ya juu, atakaa naye huko mpaka watoke. Rutashobya akakataa katakata. Alisema hajawahi kuidanganya manispaa hata siku moja, hata siku ile waliyomwondoa. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne hakula. Jumatano asubuhi, akiwa anatoka, aliwaona kutoka juu askari wawili wanaulizia njia kwa muuza maandazi, mmoja ana bunduki begani, na muuza maandazi ananyoosha mkono kuelekea nyumbani kwake. Akarudi ndani mbio, akamwambia mkewe ampandishe mbwa.

Bernadetta akachukua kichwa cha sangara, akamwita Popi, wakatokomea kati ya mawe.

Askari walipofika walikuwa wanahema kwa mlima. Mwenye bunduki aliitwa Mayala, kijana mgeni. Mwingine alikuwa Ngosha, na Ngosha hakuwa mgeni hata kidogo. Zamani alikuwa tarishi katika ofisi ya leseni, akipeleka mafaili na kuleta chai, na barua iliyomwombea nafasi ya uaskari iliandikwa na Rutashobya kwa mkono wake. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni. Shimba alikuwa amesimama na tairi la baiskeli mkononi.

"Shikamoo mzee," akasema Ngosha, na kuvua kofia.

"Marahaba."

"Tumekuja kwa ajili ya mbwa wako."

"Amekufa," akasema Rutashobya. "Juzi. Nimeshamzika."

Alisema haraka mno, kama mtoto aliyefundishwa la kusema. Ngosha akampa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Halafu akafungua mfuko wa shati, akatoa kibati kipya kinachometameta, kimetobolewa tundu, kimechongwa namba moja. Vibati ishirini vya kwanza vilikuwa vimefika jana jioni, alieleza. Yeye ndiye aliyemwomba Suzana ampe hiki, akamwambia huyu ni mzee wangu, asisumbuke kuteremka mjini, nitampelekea mwenyewe. Bunduki ilikuwa ya mbwa wa Igogo, ndiko walikokuwa wanaelekea.

Rutashobya alikitazama kibati. Ilikuwa inatosha aseme neno moja: nimekosea. Lakini angelisema mbele ya Shimba, mbele ya mama aliyemficha mbwa wake kwa mguu, mbele ya mtaa mzima uliomsikia kwenye mkutano, na mbele ya huyu kijana aliyekuwa anamwita mzee wangu. Huyu ndiye ambaye yeye Rutashobya alimfundisha kwamba kitabu cha serikali hakiandikwi uongo. Aibu ikamshinda. Akasema ahsante, Ngosha, na Mungu akubariki kwa kunikumbuka.

Ngosha akakirudisha kibati mfukoni. Akafungua daftari, akaandika mbele ya jina la Popi kwamba amekufa, akamwomba mzee atie saini. Rutashobya akatia. Mwandiko wake ulikuwa bado mzuri.

Wakaaga, wakaanza kuteremka. Wala hawakuwa wamefika mbali. Jiwe la nyuma ya nyumba asubuhi hiyo halikuwa na mlinzi, na makorongo wana macho. Mmoja akatua katikati ya mapanki ya Bernadetta, wa pili akafuata. Kule juu Popi aliwaona. Bernadetta alikuwa amemshika kwa mkono tu, hakuwa na kamba, kwa kuwa mbwa yule hakuwahi kufungwa. Akamponyoka. Akashuka kwa kasi, anabweka, akapita mbele ya askari kama hawapo, akaruka juu ya jiwe kufanya kazi yake.

Mayala akashusha bunduki begani. Ngosha akamzuia kwa mkono, akageuka nyuma.

"Mzee, huyu ni wa nani?"

Mtaa wote ukamtazama Rutashobya. Shimba akatazama tairi lake. Wino wa saini ulikuwa haujakauka vizuri, na sasa haukuwa uongo wa mdomo tu, ulikuwa uongo ulioandikwa, umetiwa saini na karani mzima wa miaka ishirini na miwili. Popi alikuwa amewafukuza makorongo, amesimama juu ya jiwe anatingisha mkia, anamtazama yeye, anasubiri asifiwe kama kawaida. Rutashobya alifungua mdomo. Alichelewa kiasi cha mtu kumeza mate, si zaidi, na Ngosha akaona mzee hamjui mbwa yule, akaondoa mkono.

Mlio uligonga mawe ukarudi. Makorongo wote wa mtaa wakaruka.

Bernadetta aliteremka taratibu, kanga imeanguka begani. Alikwenda kwenye jiwe, akaanza kuokota mapanki yasiingie damu. Watu wakaanza kurudi ndani mmojammoja, na Shimba akaenda kuwafungia mbwa wake.

Ngosha alipanda tena, daftari mkononi. Mzoga hauachwi hivihivi, hiyo nayo ilikuwa sheria. Mwenye mbwa anazika, na kama hana mwenyewe, unakuja mkokoteni wa manispaa kuuzoa, unakwenda kutupwa jalalani. Akauliza, kwa sauti ya kazi tu, kama kuna anayemfahamu mwenye mbwa huyu.

Rutashobya alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, shati lake lililopigwa pasi limegusa damu. Mkono wake ulikuwa juu ya lile sikio lililokatika ncha.

"Ni wangu," akasema.

Ngosha alimtazama. Akaitazama saini kwenye daftari, akamtazama tena, na polepole akaelewa. Akavua kofia kwa mara ya pili.

"Mzee, nikiandika hivyo, kuna faini. Elfu kumi. Bora ninyamaze."

Bernadetta aliacha kuokota. Alimtazama mumewe, akangoja.

"Andika," akasema Rutashobya.